Kutengeneza kigari cha pembeni cha pikipiki kwa vipuri vya gari chakavu

Mafundi wengi wanaotaka kuiongezea pikipiki kigari cha pembeni huanza na kiti, kwa sababu kiti ndicho kinachoonekana na ndicho mteja anachokiulizia. Mwongozo huu unaanza na gurudumu. Kigari chenye kiti kizuri na gurudumu lililokaa vibaya huivuta pikipiki upande mmoja safari nzima, hula tairi kwa kasi ya kushangaza, na siku ya breki ya ghafla humgeuza dereva akaelekea kwenye magari yanayokuja. Kigari chenye gurudumu lililokaa sawasawa kinaweza kubeba hata ubao mtupu na bado kikaendesheka vizuri.

Vipimo vilivyomo humu vimekusudiwa pikipiki za cc 125 hadi 150, yaani zile zile za bodaboda kama Boxer na TVS. Nchini Ufilipino pikipiki za ukubwa huo hufungwa vigari vya pembeni na kubeba abiria kila siku, kwa hiyo udogo wa injini si kikwazo, mradi mwenye chombo akubali kwenda polepole. Kazi yenyewe inahitaji mtu anayejua kuchomelea kwa uhakika. Kama hujui, fanya vipimo na uunganishaji mwenyewe, kisha mpe fundi mzoefu maungio yote yanayobeba uzito.

Upande wa kukifunga

Tanzania, Kenya na Uganda vyombo huenda kushoto, hivyo kigari hukaa kushoto ili abiria ashukie pembezoni mwa barabara. Burundi, Rwanda na Kongo vyombo huenda kulia, na msomaji wa huko ageuze kila neno "kushoto" na "kulia" katika maelezo yanayofuata, isipokuwa ya kiki na gia, ambazo hazihami. Kwa bahati nzuri, pikipiki nyingi za aina hii zina kiki upande wa kulia, ambao unabaki wazi. Gia ndiyo iliyo kushoto, na lazima mguu wa dereva upate nafasi ya kuifikia bila kujikunyata.

Vipuri vya kutafuta

Gari linalofaa kuliko mengi ni Toyota Vitz ya toleo la kwanza, ile iliyotengenezwa kuanzia 1999, isiyo ya 4WD, yaani isiyosukumwa na magurudumu yote manne. Injini yake huzungusha magurudumu ya mbele tu, kwa hiyo gurudumu la nyuma ni jepesi na halina shafti ndani yake. Habu ya nyuma, yaani kitovu kinachoshika gurudumu, imefungwa kwenye ekseli kwa bolti nne, na breki yake ni ya dramu yenye waya wa hendibreki. Mambo hayo matatu yanarahisisha kazi kuliko unavyoweza kudhani: unafungua bolti nne, unapata habu, beringi na breki kwa pamoja, kisha unazifunga kwenye bati nene ulilolitoboa mwenyewe. Magari mengine madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele hufanana na hilo, ila kagua kwanza namna habu inavyoshikwa kabla ya kutoa fedha.

Kwenye masoko ya vipuri ya Gerezani jijini Dar es Salaam au Grogan jijini Nairobi utapata ekseli ya nyuma nzima, mara nyingi kwa bei nafuu kuliko kununua kipande kimoja kimoja. Chukua ya upande wa kushoto, ili viatu vya breki vifanye kazi kwa mwelekeo vilivyoundiwa. Shika springi ya gari kwa mkono mmoja huku ukizungusha gurudumu kwa mkono wa pili. Beringi mbovu utaisikia ikikwaruza kupitia springi kabla sikio halijasikia chochote. Beringi ya habu hii haibadilishwi peke yake, hivyo ikivuma achana nayo utafute nyingine. Dai risiti yenye jina la duka, kwani vipuri vya wizi vinauzwa meza ile ile na vya halali.

Pamoja na habu, chukua rimu yenye tairi zima, waya wa hendibreki, kiti cha mbele cha abiria pamoja na reli zake, mkanda wa usalama na taa ndogo za nyuma. Kigari hakilali kwenye kona kama pikipiki ilalavyo, kwa hiyo tairi la gari lenye uso bapa ndilo linalokifaa. Tairi la 175/65 kwenye rimu ya inchi 14 lina kipenyo cha sentimita 58 hivi, karibu sawa na tairi la nyuma la pikipiki. Kiti chenye waya wa plagi ya njano chini yake kiache huko huko, kwa kuwa huenda kina mfuko wa hewa ubavuni, na mfuko huo una baruti.

Springi ya gari usiichukue. Imetengenezwa kubeba robo ya gari, na chini ya kigari chepesi itakaa kama gogo. Tumia shokapu ya nyuma ya pikipiki, hata ikiwa ya mtumba, mradi haivuji mafuta. Vilevile wapo wanaotumia vichwa vya tairodi, ile fimbo inayogeuza magurudumu ya mbele ya gari, kama viungo vya kurekebishia kigari, kwa sababu vina uzi na vinazunguka. Sishauri. Kichwa cha tairodi kilichochakaa hakionyeshi dalili mpaka siku kinapochomoka, na hapa kikichomoka kigari kinamwendea dereva miguuni.

Vipimo vitatu kabla ya kukata bomba

Chora kwa chaki sakafuni mstari wa katikati wa pikipiki, weka alama ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kisha pima umbali kati yake. Pikipiki nyingi za cc 150 zina kati ya sentimita 125 na 130.

Kipimo cha kwanza ni umbali wa pembeni, kutoka mstari huo hadi katikati ya tairi la kigari. Kwa pikipiki hizi sentimita 110 inafaa. Ukipunguza, gurudumu la kigari litanyanyuka kirahisi kwenye kona ya kushoto. Ukiongeza sana, kigari kitavuta usukani kila unapokaza mafuta. Sentimita 110 zinatosha pia kwa mpangilio wa ndani: ukitoa karibu 40 za dereva, mguu wake na gia, na 13 za nusu ya tairi na madigadi, zinabaki 57, na kiti cha gari dogo kina upana wa 50 hivi.

Kipimo cha pili ni kiasi ambacho ekseli ya kigari inatangulia mbele ya ekseli ya nyuma ya pikipiki. Kanuni inayotumiwa ni kati ya asilimia 10 na 20 ya umbali wa ekseli mbili za pikipiki, yaani sentimita 13 hadi 25, na 18 ni mahali pazuri pa kuanzia. Fundi asiyejua hulipanga gurudumu la kigari sambamba kabisa na la nyuma kwa kuwa linapendeza macho. Chombo cha namna hiyo, kikifungwa breki katikati ya kona ya kulia, huinama kwenye pembe ya mbele ya kigari na kinaweza kupinduka. Ukilitanguliza kupita kiasi nako, usukani unakuwa mzito na tairi linaburuzika kila unapogeuka.

Kipimo cha tatu ni uzito. Kigari kitupu kisipungue theluthi moja ya uzito wa pikipiki, na pikipiki hizi zina kama kilo 120, yaani kigari kisipungue 40. Gurudumu, habu na dramu ya gari peke yake ni karibu kilo 20, kwa hiyo hata kilo 60 hufikiwa bila kujitahidi, na uzito wa gurudumu, ambao kwenye gari ungekuwa hasara, hapa unakikalisha kigari chini.

Fremu na mkono wa gurudumu

Tumia bomba jeusi la inchi moja na robo, ambalo kwa nje lina milimita 42, lenye unene wa ukuta wa milimita 3. Bomba la maji lililopakwa zinki usilitumie; moshi wake ukilichomelea humwachia fundi homa, na zinki hudhoofisha ungio. Tengeneza mstatili wenye urefu wa sentimita 150 hivi na upana unaokitosha kiti, wenye vipingili vinne. Kimojawapo kiwe mahali ambapo mkono wa gurudumu utabembea, na viwili viwe chini ya reli za kiti. Sakafu ikae chini kadiri barabara zako zinavyoruhusu. Sentimita 20 kutoka ardhini, kigari kikiwa na mzigo, zinatosha barabara ya vumbi isiyo na makorongo.

Mkono wa gurudumu ni bomba la pembe nne la milimita 60 kwa 40, urefu wa sentimita 40 hivi, linalobembea kutoka mbele huku gurudumu likiwa nyuma. Upande wa mbele ulichomelee bomba la kupingana nalo, lenye bushi mbili za mpira zilizoachana angalau sentimita 20, maana gurudumu lililoshikwa kwa upande mmoja linataka kuupinda mkono kila linapoingia shimoni. Bushi za mkono wa chini wa Vitz hiyo hiyo zinafaa. Zitoe kwa presi kabla ya kuchomelea nyumba zake, la sivyo mpira utaungua ndani bila wewe kuona.

Upande wa nyuma chomelea bati la milimita 10, ulilolitoboa matundu manne kwa kufuata habu yenyewe kama kiolezo. Bamba la breki hukaa kati ya bati na habu, kama lilivyokuwa kwenye gari. Usichomelee habu yenyewe hata kidogo, wala usiikaribishe moto. Shokapu iifunge kati ya mkono na nguzo fupi iliyoegemezwa kwa bomba la mshazari.

Kwa maungio yanayobeba uzito tumia vijiti vya kuchomelea vya namba 7018 vilivyokaushwa, na 6013 uviachie bodi. Chonga ncha za bomba zikumbatie bomba lingine badala ya kujaza pengo kwa chuma cha kuyeyusha. Shikiza fremu nzima kwa nukta kwanza, pima mishazari yake miwili kwa tepu, na ndipo umalizie, ukihama upande huu na ule ili joto lisiipinde.

Kukiunganisha na pikipiki

Fremu ya pikipiki ndogo ni bomba jembamba. Ukichomelea bomba zito moja kwa moja juu yake, itapasuka pembeni mwa ungio baada ya muda, na ufa utajificha chini ya rangi. Njia sahihi ni kutengeneza fremu ndogo ya pili inayolala chini ya injini, inayoshikwa na bolti za injini, bolti za vikanyagio na klampu pana zenye vipande viwili. Kigari hushika kwenye fremu hiyo ndogo, nayo ndiyo inayousambaza mzigo.

Mashikio yawe manne. Mawili ya chini, moja mbele karibu na chini ya injini na jingine nyuma karibu na mahali mkono wa nyuma wa pikipiki unapobembea, hubeba nguvu ya kusukuma na kuvuta. Mawili ya juu, moja chini ya tangi kuelekea shingo ya usukani na jingine chini ya siti karibu na kichwa cha shokapu, ni mabomba ya mshazari yanayoamua pikipiki imesimama wima kiasi gani. Yaachanishe kadiri inavyowezekana. Mashikio matatu yanatosha kwenye karatasi, lakini la nne ndilo linalokupa muda wa kusimama jingine likilegea.

Kila shikio liwe na uma wa bati la milimita 6 pande zote mbili, bolti ya M12 yenye alama 8.8 kichwani, na nati ya kujikaza. Kwenye mabomba ya juu weka bolti ndefu ya M16 inayozunguka ndani ya nati iliyochomelewa, ili urefu urekebishike. Uzi ulioingia ndani usipungue milimita 24 hata baada ya marekebisho yote, na ukazwe kwa nati ya pili.

Kulinganisha magurudumu

Usiharakishe hapa. Jaza upepo kwenye matairi yote, simamisha chombo kwenye sakafu iliyonyooka, mweke mtu kwenye siti ya dereva na gunia la kilo 35 hivi kwenye kigari.

Laza bomba refu lililonyooka sakafuni liguse ubavu wa kulia wa magurudumu mawili ya pikipiki, na jingine liguse ubavu wa nje wa gurudumu la kigari. Pima umbali kati ya mabomba mbele ya gurudumu la mbele, kisha nyuma ya gurudumu la nyuma. Mbele kuwe kwembamba kuliko nyuma kwa milimita 10 hadi 20; anza na 15. Tofauti hii hupatikana kwa kusogeza mashikio ya chini, na ni lazima iwepo, kwa sababu kigari kinaburuta nyuma muda wote na kinahitaji kuelekezwa ndani kidogo ili chombo kiende moja kwa moja.

Baada ya hapo rekebisha mabomba ya juu hadi pikipiki iegemee nje, mbali na kigari, kwa nyuzi moja hadi moja na nusu. Pima kwa timazi iliyoning'inizwa kando ya gurudumu la nyuma: kwenye kimo cha sentimita 60, nyuzi moja ni kama milimita 10. Barabara zetu zimeteremkia kushoto ili maji yatoke, na mwegemeo huu ndio unaoufuta mteremko huo. Mwegemeo ukiubadilisha, pima upya ule upana wa mbele na nyuma, kwa kuwa kimoja hukihamisha kingine.

Breki

Kigari kisicho na breki huendelea kusukuma mbele pikipiki inapopunguza mwendo, na kwa kuwa kipo kushoto, chombo hugeukia kulia, ambako magari yanakuja. Ndiyo maana nasisitiza habu yenye dramu na waya wake.

Breki ya nyuma ya Boxer ni ya dramu inayovutwa kwa fimbo kutoka kwenye pedali, na dramu ya Vitz huvutwa kwa waya wa hendibreki, hivyo pedali moja inaweza kuzivuta zote mbili bila mafuta ya breki. Tengeneza kipande cha chuma cha sentimita 12 kinachofanya kazi ya mizani. Fimbo ya breki ya nyuma ishike ncha moja, waya wa kigari ushike ncha nyingine, na pedali ivute katikati, kwenye tundu lililo sentimita 4 kutoka ncha ya fimbo. Kwa mpangilio huo gurudumu la nyuma hupata theluthi mbili za nguvu na la kigari theluthi moja. Toboa matundu mengine mawili jirani, ili uweze kuhamisha baada ya majaribio: chombo kikigeukia kulia ukifunga breki, kipe kigari zaidi, kikigeukia kushoto, kipunguzie.

Weka vizuizi viwili vinavyoizuia mizani isipinduke kabisa. Bila vizuizi, waya mmoja ukikatika mizani itageuka na pedali itashuka bure, nawe utakuwa umepoteza breki zote mbili kwa pamoja. Silinda ya mafuta iliyo ndani ya dramu iache mahali pake ikiwa kavu, maana inashikilia vichwa vya viatu, na ukaze viatu kwa kizungusho chake mpaka viguse dramu kwa mbali.

Bodi, kiti na taa

Bodi ni suala la ladha. Boneti ya gari hukunjwa ikawa pua nzuri, na bati la mlango hutosha ubavu, ila pita na sumaku kwanza ili usibebe puti ukidhani ni chuma. Kiti kifungwe kwa reli zake kwenye vipingili, kamwe si kwenye bati la sakafu. Mkanda uchukue pamoja na bolti zake na nati zilizochomelewa kwenye bodi ya gari. Uzi wake ni wa inchi, na bolti ya milimita haitashika ipasavyo.

Upande wa nje wa kigari uwe na taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma na indiketa ya kushoto, kwa sababu usiku dereva wa lori ataona taa moja ya pikipiki na kudhani ana nafasi. Tumia taa za LED, kwani jenereta ya pikipiki hizi haiwezi kuzilisha balbu za gari. Kwenye sproketi ya mbele punguza jino moja. Utapoteza takriban asilimia 7 ya mwendo na kupata nguvu hiyo hiyo kwenye mlima.

Majaribio

Tafuta kiwanja kikubwa kisicho na watu, weka gunia la mchanga la kilo 30 kwenye kigari, na usahau ulichozoea. Chombo hiki hakilali. Kinageuzwa kwa kusukuma usukani. Ukikaza mafuta kitavuta kushoto, ukiachia kitakwenda kulia. Kwenye kona ya kushoto gurudumu la kigari litataka kunyanyuka, na dawa yake ni kuachia mafuta taratibu, kuegemeza mwili kushoto na kulegeza usukani kidogo, wala si kuruka. Linyanyue kwa makusudi ukiwa kwenye mwendo mdogo, mpaka mwili uzoee, kwa sababu mara ya kwanza kutokea barabarani hakutakuwa na nafasi ya kufikiri.

Chombo kikivuta kushoto kwa mwendo wa kawaida kwenye njia iliyonyooka, ongeza mwegemeo wa pikipiki kidogo kidogo. Kikivuta kulia, punguza. Usukani ukitikisika kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, kagua kwanza beringi za shingo. Zikiwa nzima, funga damper ya usukani (shokapu ndogo inayotuliza mtikisiko); ile ya Volkswagen ya kobe imetumiwa kwa kazi hii na watengenezaji wa vigari kwa miaka mingi. Mwendo wa juu usizidi kilomita 50 kwa saa.

Umbo la chombo limebadilika, hivyo kabla ya kubeba abiria barabarani nyaraka zibadilike nalo. Kenya mambo haya yako chini ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Tanzania usajili uko TRA (mamlaka ya mapato), ukaguzi kwa polisi wa usalama barabarani, na leseni ya kubeba abiria kwa malipo LATRA (mamlaka ya usafiri ardhini). Mweleze wakala wa bima kwa maandishi kwamba pikipiki ina kigari, kwani bima iliyokatwa kwa pikipiki tupu inaweza kukataliwa siku ya ajali.

Bolti zote za mashikio zikazwe upya baada ya kilomita 50 za kwanza, tena baada ya 200, kisha kila mwezi. Piga mstari wa rangi nyeupe unaovuka nati na bati, ili ukiinama asubuhi uione iliyosogea bila kushika spana. Rangi ya fremu iwe ya kung'aa na nyepesi badala ya nyeusi, kwa kuwa ufa kwenye ungio huonekana kwanza kama mstari wa kutu, na juu ya rangi nyeusi mstari huo hauonekani.